Tuacheni Tuimbe Tenzi

Katika makanisa yetu mengi ya mjini hukumu imeshatolewa, na imetolewa bila kesi kusikilizwa: tenzi zimepitwa na wakati. Utaisikia kwenye kamati ya ibada, utaisikia kwa wachungaji vijana waliotoka chuoni juzi, na siku hizi utaisikia hata kwa wazee wa kanisa waliobatizwa, wakafunga ndoa na kuwazika wazazi wao kwa nyimbo hizo hizo. Hoja zao huja tatu kwa pamoja. Kwamba tenzi ni nyimbo za Wazungu, masalia ya wamisionari na ukoloni. Kwamba hazina uhai, hazina upako, ni nyimbo za misibani. Na kwamba vijana hawazitaki, na kanisa lisilotaka kufa lazima liwafuate vijana. Basi Tenzi za Rohoni, Mwimbieni Bwana na vitabu vingine vya namna hiyo vinabaki nyumbani, projekta inawashwa, kikundi cha kusifu na kuabudu kinapanda jukwaani, na waumini wanasimama dakika arobaini wakitazama.

Napinga. Napinga hoja zote tatu, na zaidi ya hizo napinga jambo ambalo hakuna anayelitamka waziwazi ingawa ndilo linalotendeka kila Jumapili: kuimba kanisani kumekuwa kazi ya watu wanane wenye vipaza sauti, na watu mia tano waliokuja kumwimbia Mungu wamegeuzwa watazamaji.

Tuanze na hili la Uzungu, maana ndilo linalowatia watu aibu kuliko mengine. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Aliutunga kwa namna ya tenzi alizozijua: sauti nne, mwendo wa taratibu, ombi juu ya ombi. Alifariki mwaka 1905 bila kujua wimbo wake utafika wapi. Mwaka 1912 uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru iliichukua tuni ile ile na kuipa maneno ya Kiswahili. Ndiyo tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania hadi leo. Kila asubuhi mtoto wa shule ya msingi, awe Karagwe au Newala, anasimama mstarini na kuimba utenzi wa kanisa. Wimbo huo hauitwi masalia ya ukoloni, kwa sababu walioubeba ni watu waliokuwa wakipambana na ukoloni. Waafrika walizipokea tenzi, wakazitwaa, wakazitumia kudai haki zao. Anayesema leo kwamba tenzi hazikuwahi kuwa zetu anawanyang'anya wazee wetu kazi yao wenyewe.

Na si Sontonga peke yake. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa upande wa Bukoba, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, juu ya tuni ya nyumbani kwao. Mwaka huohuo Wilson Niwagila, naye Mlutheri wa Tanzania, aliandika Njoo Kwetu, Roho Mwema. Pale Makumira, karibu na Arusha, Mmarekani Howard Olson aliyekuwa akifundisha chuo cha theolojia alikuwa anakusanya tuni za makabila ya Tanzania na kuwahimiza wanafunzi wake waandike maneno ya kuzifuata. Mkusanyiko ule uliitwa Tumshangilie Mungu. Kwa upande wa Wakatoliki, Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia na kuagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake ndani ya ibada.

Sasa nenda Ujerumani, nchi iliyotuletea sehemu kubwa ya nyimbo za Kilutheri. Fungua Evangelisches Gesangbuch, kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya huko, namba 116. Utakuta wimbo wa Kyamanywa umetafsiriwa kwa Kijerumani, na tuni imeandikwa kwamba imetoka Tanzania. Wimbo wa Niwagila umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Wajukuu wa wamisionari wanaimba Pasaka kwa tuni yetu, wakiwa wameshika vitabu mikononi, wakati sisi tunaambiwa kwamba kitabu cha nyimbo ni utumwa wa kiakili. Mnapokifunga kitabu hicho kwa jina la Uafrika, mnamfungia humo na Kyamanywa, na Niwagila, na kila Mwafrika aliyefanya kazi ya kutufanya tuimbe kwa sauti yetu.

Tena tuulizane: nyimbo zinazowekwa mahali pa tenzi zimetoka wapi? Ingia kwenye ibada ya vijana ya Dar es Salaam au Nairobi. Nyingi zimetoka Sydney kwa Hillsong, au Redding, California, kwa Bethel, na zinaimbwa kwa Kiingereza kilekile zilichoandikiwa, hadi lafudhi. Baadhi zimetoka Lagos, kama Way Maker ya Sinach ya mwaka 2015, na ni nyimbo nzuri. Sina ugomvi na wimbo kwa sababu ya mahali ulipozaliwa. Zaburi zenyewe zimezaliwa Israeli. Ugomvi wangu ni na mtu anayemkatalia bibi yake wimbo aliouimba kwa Kiswahili miaka sitini, kwa hoja kwamba ni wa kigeni, kisha anampa wa Kiingereza asiouelewa hata neno moja. Na hao watunzi wa zamani hawakuwa magavana. Fanny Crosby, aliyeandika kadhaa ya tenzi tunazozipenda sana, alikuwa kipofu tangu uchanga. Joseph Scriven, aliyeandika ule wa kwamba Yesu ni rafiki yetu, alikuwa Mwairishi aliyehamia Kanada baada ya mchumba wake kufa maji siku moja kabla ya harusi, na aliuandika mwaka 1855 kumfariji mama yake aliyekuwa mbali.

Kuna hoja moja ya wapinzani iliyo ya kweli, na haki yake lazima ipewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna, MUngu, mwoKOzi. Tuni nyingi za Kiingereza huanza kwa silabi nyepesi na kumalizia kwa nzito. Mfasiri aliyehesabu silabi tu bila kusikiliza mkazo alituachia mistari inayotulazimisha kuimba bwaNA na munGU, kama mtu asiyeijua lugha. Mbunga aliliona hilo, na A. M. Jones alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu nyimbo za ibada barani Afrika. Ni kasoro, na inaumiza sikio.

Lakini chukua wimbo uleule wa Scriven kwa tuni ya Charles Converse ya mwaka 1868. Mstari wa kwanza una silabi 8, unaofuata 7, na kila mstari unaanza kwa pigo zito. Uimbe polepole kwa Kiswahili huku ukipiga kidole mezani. Jina la Yesu linaanguka sawasawa, mkazo kwenye Ye. Neno rafiki linaanguka sawasawa, mkazo kwenye fi. Katika mstari huo wa kwanza hakuna silabi inayovutwa kwa nguvu. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyoufanya wimbo huo uenee kila mahali, ukaimbwa na watu wasiojua kama una asili ya Kiingereza: mwendo wake ni mwendo wa Kiswahili cha kila siku. Basi tatizo ni la tafsiri fulani kwenye tuni fulani, na dawa yake inajulikana. Rekebisheni maneno. Badilisheni tuni. Tungeni nyingine, kama walivyofanya Makumira. Kwa kosa la mkazo huwezi kutupa kitabu kizima, hasa kama unachokiweka mahali pake ni tafsiri za haraka ambazo hakuna hata aliyehesabu silabi zake, maneno kumi yamesukumwa kwenye nafasi ya sita, na mwimbishaji peke yake ndiye anayejua pa kuvuta pumzi.

Ya pili ni ile ya upako. Tunaambiwa tenzi ni baridi, Roho hashuki kwazo. Anayesema hivi hajui historia ya Roho katika nchi hizi. Uamsho mkubwa kuliko wote uliowahi kupita Afrika Mashariki ulianzia miaka ya 1930, Gahini, Rwanda, na Uganda, kwa watu kama Simeoni Nsibambi na mdogo wake Blasio Kigozi, aliyefariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Ulivuka ukaingia Burundi, Kagera, Kenya na mbali zaidi. Uliwafanya watu wasimame mbele ya majirani na kutaja wizi wao, wakarudisha ng'ombe wa watu, wakapatana na wale waliokuwa hawaamkiani. Na wimbo wake ulikuwa upi? Tukutendereza Yesu. Kiitikio cha utenzi wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, kilichotafsiriwa kwa Kiganda. Mtu akimaliza kutubu, ndugu wanauanza, bila kinanda, bila gitaa, na mpaka leo Waganda na wasio Waganda wanauimba kwa Kiganda hichohicho, na unatosha kuwatambulisha wageni wawili waliokutana stendi ya basi kwamba ni ndugu. Uamsho uliotikisa nusu ya eneo hili ulichukua wimbo wake kutoka ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Aliye na ushahidi mkubwa kuliko huo wa upako auweke mezani.

Tunaambiwa tena ni nyimbo za misibani. Ni kweli. Na hapa sitaki kujitetea, maana hii ni sifa kubwa kuliko zote zinazoweza kupewa wimbo.

Angalia tunavyofanya mtu akifa. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimekodiwa, akina mama wamekaa kwenye mikeka ndani na nje ya nyumba. Usiku wa pili umeme umekatika au haukuwapo tangu mwanzo. Mama mmoja anaanza wimbo bila kutangaza, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza wote wameshauchukua, wanaume nyuma wakiweka besi, wapishi kule kwenye masufuria wakiitikia. Wapo pale Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, watu wa AIC, Wapentekoste; wanauimba pamoja kwa maneno yaleyale. Kesho yake atakayeandika ratiba ya mazishi atauliza swali ambalo limeulizwa katika kila msiba niliowahi kukaa: marehemu alipenda namba ngapi? Na watoto wa marehemu wanajua. Wanakitoa kitabu chake, jalada limeshatoka na kushonwa upya, limefunikwa kwa karatasi ya kalenda, na kwenye kurasa tupu za mwisho ameandika kwa kalamu ya wino tarehe za ubatizo wa watoto na tarehe za kufiwa, na pembeni ya nyimbo fulani amechora alama. Humo mna maisha ya mtu. Na wale vijana wa kikundi cha kusifu wapo msibani pia, na usiku ule nao wanaimba tenzi, kwa kuwa katika nyimbo zao za jukwaani hawana wimbo wa kusimama nao mbele ya jeneza.

Kwa nini hawana? Kwa sababu nyimbo tulizozizoea siku hizi zinajua jambo moja tu: nimeshinda, nimeinuliwa, mwaka huu ni wangu. Zaburi hazikuandikwa hivyo. Katika zile 150, zaidi ya theluthi moja ni maombolezo na malalamiko: mgonjwa, mtu aliyesingiziwa, taifa lililochomewa mji, mtu anayemuuliza Mungu yuko wapi. Zaburi ya 88 haimalizii hata kwa faraja. Inaishia gizani, na bado Wayahudi waliitia kwenye kitabu cha ibada na Kanisa likaipokea. Walioandika tenzi walisoma shule hiyo. Mwaka 1637 tauni ilipoingia mji wa Eilenburg, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, mchungaji Martin Rinkart alizika maelfu ya watu, mke wake akiwamo. Huyo ndiye mtunzi wa wimbo wa shukrani ambao Walutheri wanauimba mpaka leo. Paul Gerhardt aliwazika wanne kati ya watoto wake watano. Shukrani za watu kama hao zina uzito, kwa kuwa zimepita kaburini.

Sasa mfikirie mama aliyekuja ibadani Jumapili na mtoto wake amelazwa, madaktari wamemwambia wajiandae. Kwa dakika arobaini anaambiwa aruke, apige makofi, amwambie jirani yake kwamba ameshapokea. Asipofanya hivyo mwimbishaji anamsihi kwenye kipaza sauti asimzimishe Roho. Ibada nzima haikumpa mstari mmoja wa kulia nao mbele za Mungu. Huo ni ukatili, hata kama umefanywa kwa nia njema, na kanisa lenye Zaburi mikononi halina udhuru wa kuufanya. Hapa nawasifu Wakatoliki: wimbo wa katikati katika kila Misa ni Zaburi, na unafuata mpango wa masomo. Padre hapendi maombolezo leo, kwaya haipendi, haijalishi; zamu ya Zaburi ya kilio ikifika inaimbwa, na yule mama anapata neno lake.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Swali la nani anaimba ni la zamani katika Kanisa. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya nne, uliagiza kwamba kanisani wasiimbe ila waimbaji walioteuliwa, wale wanaopanda mimbarani na kuimba kutoka kitabuni. Karne zikapita, na katika makanisa ya Magharibi wimbo wa ibada ukawa wa mapadre, watawa na kwaya, kwa Kilatini, watu wakisimama na kusikiliza. Mwaka 1524 kilichapishwa Nuremberg kijitabu cha nyimbo 8 tu, nne kati yake za Martin Luther, kwa lugha ya watu wa sokoni. Mwaka 1562 Geneva ikamaliza kuzitia Zaburi zote 150 kwenye mashairi na tuni, ili fundi viatu na mkewe waziimbe kanisani na nyumbani. Hiyo ndiyo maana ya kitabu cha nyimbo mikononi mwa muumini. Ni haki iliyopiganiwa: kila aliyebatizwa ana sauti katika ibada, na sauti hiyo haihitaji kibali cha mtaalamu.

Tazama jinsi haki hiyo inavyopotea sasa, hatua kwa hatua, bila mtu kutoa amri. Ufunguo wa wimbo unachaguliwa kumfaa mwimbishaji, na mwimbishaji ni binti wa miaka ishirini na miwili mwenye sauti ya juu. Wanaume wenye besi na akina mama wa makamo wanajaribu ubeti mmoja, wanashindwa, wananyamaza. Wimbo ni mpya kila wiki, kwa hiyo hakuna anayeujua zaidi ya waliofanya mazoezi Ijumaa. Kwenye skrini kuna maneno tu, hakuna noti, na maneno yenyewe yanachelewa kwa sababu kijana wa kompyuta naye anacheza. Kiitikio kinarudiwa mara nane au kumi na mbili. Mwisho wake ni ishara ya mkono ambayo wapiga vyombo wanaiona na waumini hawaioni. Juu ya yote hayo fundi mitambo ameziweka spika kwa sauti ambayo mtu hawezi kujisikia mwenyewe, sembuse kumsikia aliye kando yake. Mtu asiyejisikia anaacha kuimba. Nimekaa viti vya nyuma nikaangalia midomo: ilikuwa imefungwa. Kisha kwenye kikao ikasemwa kwamba sifa zilikuwa na nguvu sana leo.

Tenzi haziwezi kufanywa hivyo kwa urahisi, na ndiyo nguvu yake. Tuni ni moja kwa beti zote, kwa hiyo mgeni aliyekosa ubeti wa kwanza ameshaishika kwenye wa tatu. Upeo wa sauti ni mdogo, umetengenezwa kwa koo za watu wa kawaida. Beti zinasonga mbele: wa kwanza unaanza jambo, wa pili unalitia uzito, wa mwisho mara nyingi unafika kwenye kifo na ufufuo, na kwa njia hiyo mtu ambaye hajasoma theolojia anabeba kichwani mafundisho ya Utatu, msalaba na neema kuliko alivyopata kwenye mahubiri. (Wanaoruka beti za katikati ili kuokoa muda wanakata hoja ya mtunzi vipande.) Na kulikuwa na solfa. Wasomaji wangu wenye umri wanaukumbuka ubao wa chumba cha kwaya, do re mi zimeandikwa kwa chaki, sauti nne zimepangwa juu na chini, mwalimu wa kwaya ana fimbo ndefu na hana kinanda. Kwa njia hiyo wakulima, mafundi cherehani na wauza samaki walijifunza kusoma muziki na kuimba sauti nne vijijini ambako hapakuwa na umeme wala piano. Elimu hiyo ilitolewa bure na kanisa kwa maskini. Tunaiacha ife, na badala yake tunanunua spika.

Sitetei kila aliye upande wangu. Wapo wanaozipenda tenzi kwa namna ya kuziua: wanaziburuta, kila mstari unasubiri kinanda kivute pumzi, na ngoma ikisikika wanatoka nje. Zaburi ya 150 inataja matari, kucheza na matoazi. Anayeikataza ngoma kanisani anagombana na kitabu anachodai kukitetea. Wala sina neno baya kwa mapambio. Pambio la kuitikiana ni mali yetu, ni wimbo wa watu wote, halihitaji kitabu wala skrini, na limekaa vizuri sana kando ya tenzi kwa vizazi. Wanaotupangia kwamba ni tenzi au ngoma, tenzi au furaha, wametuundia ugomvi ambao wazee wetu hawakuwa nao.

Na vijana? Waliulizwa lini? Nenda Moshi asubuhi ya Pasaka uwaone walioshika matarumbeta. Urithi huo wa bendi za kanisa uliletwa na Walutheri wa Kijerumani, na vinavyopigwa humo ni tenzi. Wanaopiga ni vijana, na shangwe yao haina ubaridi wowote. Nenda kwa Wasabato ukasikie ukumbi mzima wa vijana ukiimba kutoka Nyimbo za Kristo kwa sauti nne. Hawakukimbia. Kijana hukimbia mahali ambapo hana kazi ya kufanya. Muziki wa jukwaani anao kwenye simu yake, umerekodiwa vizuri kuliko sisi tutakavyoweza, tena bure. Kanisa likijitahidi kumpa nakala hafifu ya kile alicho nacho mfukoni, hana sababu ya kuamka Jumapili. Asichoweza kukipata kwenye simu ni kusimama katikati ya watu wa rika zote, babu kulia, mtoto kushoto, na sauti yake mwenyewe ikihitajika ili wimbo ukamilike. Hicho tunacho. Tunamnyima, halafu tunasema tumefanya hivyo kwa ajili yake.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwa uzito. Wachungaji, kila Jumapili toeni nyimbo mbili kutoka kitabuni, beti zote, na wakati wa nyimbo hizo vipaza sauti vyote vizimwe, pamoja na chenu. Itakuwa dhaifu wiki za kwanza; msiwashe. Kamati za muziki za dayosisi na majimbo, kaeni na washairi wa Kiswahili mrekebishe tafsiri zinazovunja mkazo, na muwatafute watunzi wa leo waandike mpya kwa tuni za kwetu, zichapishwe pamoja na za zamani. Waimbishaji, shusheni ufunguo hadi pale baba mwenye sauti nzito anapoweza kufika. Wazazi, mnunulieni mtoto kitabu chake cha nyimbo siku ya kipaimara na mwandike jina lake ndani. Na ninyi walimu wa kwaya mliostaafu, mnaojua solfa na mnakaa nyumbani mkidhani hakuna anayewahitaji: nendeni kwa mchungaji wiki hii mkaombe ubao na saa moja kila Jumamosi, mwanze na watoto wa shule ya Jumapili.